Mbao Mbichi Ndani ya Piano

Mume wangu alikuwa mafundi sita kabla homa haijamfanya kuwa watano. Hesabu hiyo si yangu, ni ya padri mzee aliyemfundisha kazi. Padri huyo alipenda kusimulia kwamba kule piano zinakotengenezwa hakuna mtu hata mmoja anayetengeneza piano. Kuna wa mbao, anayechonga sanduku na ule ubao mpana wa nyuma unaobeba sauti. Kuna wa chuma. Kuna wa nyuzi. Kuna anayekata sufu nzito na kuigandisha kwenye nyundo ndogo zinazogonga nyuzi. Kuna mwingine ambaye kutwa nzima anazichoma nyundo hizo kwa sindano, zilainike, zisigonge kwa ukali. Na wa mwisho ni mwenye masikio, anayekaza nyuzi mpaka zikubaliane. Kwetu Masisi kazi zote sita zilikuwa za mtu mmoja, na mtu huyo nilikuwa nampikia.

Mimi ni fundi wa kushona. Nilimpata alipokuja misheni kutoka Walikale, mtoto wa watu wa msituni, mrefu, mpole, asiyejua kushika jembe. Shangazi zangu wa Kihunde walinicheka wakasema nitalima maharagi peke yangu maisha yangu yote. Walisema kweli. Lakini jioni alikuwa anaketi karibu na mashine yangu, na kabla sijajua kwamba kuna kasoro, anasema, "Mama, sindano yako inaanza kupinda, minasikia." Naitoa, naitazama kwenye mwanga, na kweli imepinda. Nilijivuna na masikio yale kuliko wanawake wengine walivyojivuna na ng'ombe.

Homa aliileta kutoka Walikale, alikokwenda kumzika mjomba wake. Ilimpanda kichwani. Alilala wiki mbili, hajui mchana wala usiku, na siku alipofumbua macho akaniona nazungumza na dada yangu mlangoni, akauliza kwa sauti kubwa kwa nini tunachezesha midomo bila kusema. Tulidhani ni uchovu. Baadaye aliinuka, akachukua makasi yangu, akayaangusha mezani. Akayaokota, akayaangusha tena. Aliyaangusha mara nyingi, mpaka nikamshika mkono, kwa sababu nilishaelewa na nilikuwa naona naye anaelewa.

Tangu hapo tulizungumza kwa kaye, daftari la shule la mistari. Yeye anasema kwa mdomo, kwa ile sauti ya juu ya mtu asiyejisikia, mimi naandika jibu. Mwanzoni aliuliza mambo mengi. Halafu akaacha. Aliacha kula pia. Alikuwa anaketi nyuma ya nyumba ameelekea ukuta, na nikimpelekea bukari, ugali wetu, naikuta jioni imekauka kwenye sahani. Nilimwogopa. Nilikuwa nimeona watu wakifa kwa kuamua tu, kule kambini tulikokimbilia wakati wa vita, watu ambao hawakuwa na ugonjwa wowote. Nikajiambia kwamba huyu asiporudi kwenye kazi yake, nitamzika kabla ya mwaka kwisha. Kila nilichofanya baada ya hapo nilikifanya kwa hofu hiyo, na sitaki mtu aniondolee lawama, nataka tu ijulikane.

Piano ya misheni ilikuwa kwenye kona ya kanisa. Wakati wote tulipokuwa tumekimbia, msimu mzima wa mvua, maji yaliingia kwenye matundu ya risasi kwenye mabati na kuidondokea. Tuliporudi ilikuwa imevimba, na ukigonga meno yake, mengine yanazama hayainuki. Padri kijana aliyekuwepo sasa alikuwa mtu mwema mwenye haraka. Alisema Pasaka ikifika bado haijalia, wataivunja, mbao zake zitengeneze viti vya shule, na korali itatumia ile klavye, kinanda kidogo cha sola, ambayo mwimbaji mmoja alikuwa ameileta kutoka Goma. Nilimwambia mume wangu ataitengeneza. Akaniuliza kwa upole kama masikio yake yamepona.

"Upande moja kidogo, Padri," nilisema.

Haikuwa kweli hata kidogo.

Nilipomwandikia mume wangu kwamba ameitiwa kazi, aliisoma kaye mara mbili. Akainuka, akaoga. Akarudi akasema, "Leta bukari, na maharagi kama iko." Nilimwangalia akila mpaka akaniuliza kama ana kitu usoni. Nilienda kulia jikoni, nikasingizia moshi.

Kesho yake aliifungua piano yote. Hakuhitaji masikio kwa hilo. Alipitisha vidole kwenye nyuzi, akazilegeza moja moja, akaondoa ile fremu kubwa ya chuma tukisaidiana na wanaume wanne wa korali, na nyuma yake akanionyesha ugonjwa wenyewe. Kuna ubao mnene unaolala juu, kutoka upande mmoja mpaka mwingine, na ndani yake vimepigiliwa vigingi vya chuma zaidi ya mia mbili. Kila uzi umezungushwa kwenye kigingi chake. Ubao ukivishika vigingi, nyuzi zinakaa zilivyokazwa. Ubao ukilegea, hakuna kitu, kaza asubuhi na mchana imeshashuka. Aliuchoma ubao kwa kisu na kisu kikaingia kama kwenye muhogo uliooza.

"Hapa inatakiwa libuyu ya Walikale," alisema. "Tuipasue, tuiweke juu ya moto ya jikoni mwaka muzima, ikauke polepole. Bila ile, ni kuchezacheza tu."

Libuyu ni mti mgumu wa msitu wa kwao. Njia ya Walikale ilikuwa imefungwa, na Pasaka ilikuwa miezi mitatu mbele. Niliandika: Nitatafuta. Alicheka, cheko lake la kwanza tangu homa, akasema, "Tafuta, mama. Sasa wewe njo muguu yangu," maana bado hakuwa na nguvu za kupanda milima.

Nilikwenda Karuba kwa mtengenezaji wa chukudu. Yule asiyejua chukudu aijue sasa: ni baiskeli ya mbao tupu, haina pedali wala mnyororo, inateremka milima yetu na magunia ya viazi yanayoweza kumshinda punda. Anayeijua kazi hiyo anajua mbao ngumu na anajua kutoboa tundu lililonyooka, kwa hiyo nikaona nimefika mahali pangu. Alikuwa mzee mwenye mikono mifupi na maneno marefu. Nilimpa kipimo na kipande cha ubao wa zamani. Akachagua mkalitusi, gogo zito lililoangushwa wiki ile ile, bado linatoa maji.

"Papa, hii si ni mubichi?" nilimuuliza.

"Mama, weye unashona nguo, minakuheshimu. Sasa sikia. Muti ya kukauka, ukipiga chuma ndani, inapasuka. Sisi tunatoboaka mubichi. Ikikauka, yenyewe inabana, inakamata chuma na haiachiake tena. Iko chukudu yangu hapa inatembea miaka kumi, gurudumu haijatoka."

Niliipenda hoja ile. Ilikuwa na akili, na zaidi ya akili, ilikuwa na haraka. Nilimwomba tu anisaidie jambo moja, auning'inize juu ya moto wake wiki mbili upate rangi na harufu ya moshi. Alinitazama. Sidhani alielewa kwa nini mtu anataka mbao ifanane na iliyokauka. Alikubali kwa sababu mimi ni mama wa watu na nilikuwa nimechoka.

Wiki hizo mbili nilizunguka. Ufunguo wa kukazia vigingi, chuma chenye tundu la pembe nne kama spana, ulikuwa umepotea tulipokimbia. Nilikwenda Rubaya, kwa mhunzi anayenoa baramini, mitaimbo ya wachimbaji wa madini ya koltani. Kule huwezi kusimama njiani, watu wanapita na magunia mgongoni wamejaa udongo mpaka kwenye nyusi, wanakusukuma bila ubaya. Mhunzi alichukua kigingi nilichomletea, akakigeuza, akauliza kinafungua mlango gani. Nilipomwambia akasema hajawahi kutengeneza chuma cha kuimba. Alifua ule ufunguo tangu asubuhi, akaharibu mbili, wa tatu ukaingia kwenye kigingi bila kutikisika. Alikuwa na furaha ambayo hata leo nikiikumbuka inaniuma.

Sufu niliipata Kingi. Panya walikuwa wamekula vichwa vya nyundo, na hapa kwetu sufu nzito ya namna ile ipo mahali pamoja tu, kwenye vichwa vya wachungaji wa ng'ombe, katika zile kofia zao pana. Nilimfuata mzee mmoja aliyekuwa na kofia ya zamani, imelowa mvua na kukauka miaka mingi mpaka imekuwa ngumu kama ngozi. Alikataa. Nikamwambia nitamshonea koti. Akauliza kofia inakwenda kufanya nini. Nikamwambia itagonga nyuzi kanisani siku ya Pasaka.

"Basi nitakuja kuisikiliza," alisema, akaivua. Kipara chake kiling'aa, na wajukuu wake wakakimbia kwa kicheko.

Nilirudi na ubao, ufunguo na kofia, na nikajiona mwanamke mwenye nguvu kuliko wote Masisi. Nilikuwa nimemkusanya mume wangu vipande vipande kutoka vijiji vitatu.

Aliupokea ubao kwa mikono miwili. Akaupimapima, akaupandisha na kuushusha. Akaweka kidole gumba kwenye ncha, pale ulipokatwa, akakiacha hapo muda mrefu.

"Hii iko nzito sana," alisema. "Fundi anasema imekauka ya kweli?"

Kaye ilikuwa mapajani mwangu. Ningeweza kuandika yote aliyoniambia mzee wa Karuba, mume wangu apime mwenyewe kati ya ufundi ule na wake. Niliandika: Mwaka mzima juu ya moto. Mkalitusi ndio uzito wake.

Akaunusa. Moshi ulikuwepo, wa kutosha. Akainua mabega, akaanza kazi.

Mwezi uliofuata ulikuwa mwezi mzuri kuliko yote niliyoishi naye, na ndiyo sababu siwezi kuukumbuka vizuri bila kujichukia. Alitoboa, akapigilia, akarudisha fremu na nyuzi. Mimi nilikata kofia, nikagandisha vipande kwenye nyundo, na yeye akanifundisha kuzichoma kwa sindano, mara tatu kila upande, si zaidi, akinitania kwamba hatimaye nimepata mshono wenye maana. Halafu ikafika ile kazi ya sita, na tuliifanya hivi. Karibu kila jino la piano lina nyuzi tatu, na nyuzi mbili zisipokubaliana sauti inatetemeka, wa, wa, wa, wa. Yeye alikuwa na ufunguo. Mimi nilisimama nyuma yake na kumgonga begani kwa kila mtetemo. Anakaza, mitetemo inapungua mwendo, na mimi napunguza kugonga, wa, kimya, wa. Inapokwisha kabisa, nauweka mkono wangu wote mgongoni kwake nautuliza. Anapumua. Tunakwenda uzi mwingine. Siku kumi na moja tulifanya hivyo, na alikuwa ananenepa.

Siku ya tatu, nilipofika kanisani kabla yake, niligonga meno tuliyoyamaliza jana yake. Yalikuwa yameshuka. Si yote, lakini mengi, na kila moja kwa kiasi chake, kama watu waliokatazwa kugombana na bado wanagombana. Nilichukua tochi ya simu nikamulika nyuma ya fremu. Mkalitusi ulikuwa unakauka sasa, kweli kweli, katika jua la kiangazi kidogo, na ulipokuwa unakauka haukubana chuma kama gurudumu la chukudu. Gurudumu lina tundu moja tu katikati. Huu ulikuwa na matundu mia mbili na zaidi yaliyosogeleana, na kutoka tundu hadi tundu ulikuwa umechora ufa, mwembamba kama uzi wa cherehani.

Naweza kusema nilichofikiri, kwa sababu nilikifikiri kwa maneno. Nilifikiri: akijua, atarudi kwenye ukuta. Nilimsikia anakuja, anafunga mlango kwa kishindo asichokisikia. Nikazima tochi.

Siku hiyo hiyo alisimama katikati ya kazi, ufunguo mkononi. Akaurudisha nyuma kidogo, akausogeza mbele.

"Mama, mukono yangu inaniambia hii imelegea. Chuma inageuka bila kubishana. Sauti inakaa?"

Niliandika: Inakaa.

Alisoma. Akautazama mkono wake, ule wa kulia wenye sugu, kwa namna ambayo ningemtazama mtoto wangu aliyenidanganya mbele ya wageni. Kisha akaamini kaye. Kwa siku nane zilizobaki niliugonga mgongo wake kwa uaminifu, kila mtetemo, na kila tulichokituliza mchana kilikuwa kinashuka nyuma yetu. Nilimwomba Mungu ubao uchoke kupasuka. Niliomba mvua. Niliomba hata tukimbie tena, milio ya bunduki isikike upande wa Mushaki, watu waache Pasaka. Ndiyo, niliomba hivyo, na nina watoto.

Tulifika Pasaka kwa amani. Kanisa lilijaa mpaka nje. Mzee wa Kingi alikuwa mstari wa pili, kichwa wazi, koti jipya. Mwalimu wa korali aliketi kwenye piano, kwa sababu mume wangu hakuwahi kuwa mpigaji, na mume wangu akasimama kando yake na kiganja kwenye ubavu wa sanduku, ili ausikie mtetemo kwa mkono. Alivaa shati jeupe nililolipiga pasi mara mbili. Mwalimu akaanza.

Sitaieleza ile sauti. Waimbaji walianza, wakatafutana, wakaacha mmoja mmoja. Mama mmoja wa sauti ya kwanza aliziba sikio, halafu akaona aibu akajifanya anarekebisha kilemba. Padri kijana alitazama chini. Mume wangu hakusikia chochote, lakini kwa mwaka mmoja alikuwa ameishi kwa kusoma nyuso za watu. Nilimwona anazisoma, safu kwa safu, kama mtu anayesoma kaye. Alizipitia zote akafika kwangu.

Katika kanisa lote, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikitabasamu.

Mwimbaji akawasha klavye ya sola, misa ikaendelea. Watu walipotoka mume wangu alibaki. Alifungua sanduku, akaweka ufunguo kwenye kigingi, akakigeuza kwa vidole viwili. Akainama kutazama nyuma ya fremu. Nilikuwa nimeleta kaye lakini hakuitaka, aliniuliza huku akinitazama mdomo.

"Ulijua?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Na muti ilikuwa mubichi."

Nikakubali tena. Nikaanza kuandika, naandika haraka, herufi zinapandana, kwamba niliogopa, kwamba alikuwa hali chakula, kwamba angekufa. Alinishika mkono, si kwa nguvu, akausimamisha.

"Kama ungeniambia, ningetoa ile muti," alisema. Kwa mara ya kwanza tangu homa alikuwa anasema polepole, sauti ya chini, sijui alijuaje kuishusha. "Ningeanza tena. Mwaka moja, miaka mbili, ni nini? Mukono yangu ilijua. Wewe uliona mugonjwa, mama. Mimi nilikuwa fundi."

Akaweka ufunguo juu ya meno ya piano, akatoka. Nilimfuata njiani nikiita, kama mjinga, namwita mtu asiyesikia.

Piano ilivunjwa baada ya wiki. Viti vimetoka vinane na ni imara. Mume wangu analima maharagi nami siku hizi, amejifunza jembe, na shangazi zangu wamebaki bila la kusema. Anakula vizuri. Mwaka jana njia ya Walikale ilifunguliwa na ndugu yake akamletea ubao wa libuyu, mzuri, mwekundu, kama zawadi, hakuwa amesikia habari zetu. Aliupokea kwa mikono miwili, akaupima. Akaniambia niutie motoni, chakula kinachelewa.

Nilitaka asife. Hajafa.